Anayetaka Kufuga Nyoka Lumakanda Aanze na Joto

Mtu akitangaza hapa Lumakanda kwamba anataka kufuga nyoka, wanaomsikia humuuliza atamlisha nini, kisha humuuliza kama akili zake ziko sawa. Maswali yote mawili yana haki yake, lakini yote mawili huliacha kando jambo litakaloamua kama mnyama huyo ataishi au atakufa. Nyoka aliyefungiwa hafi upesi kwa njaa. Nyoka mzima mwenye afya anaweza kukaa majuma kadhaa bila kutia kitu kinywani na asidhurike. Kinachomuua mikononi mwa mfugaji mgeni ni nyumba mbaya, na ubaya wa nyumba hiyo mara nyingi ni baridi. Kwa hiyo ninashikilia kwamba nyumba ya nyoka ijengwe, ipashwe joto na kupimwa kwa majuma kadhaa kabla nyoka mwenyewe hajafika, na kwamba mtu asiyeweza kuidumisha mchana na usiku, Januari hadi Desemba, hajawa tayari kufuga nyoka hata kama panya wamejaa ghalani mwake.

Nianze na sheria, kwa sababu wengi huirukia mwisho. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumkamata mnyamapori na kumweka nyumbani bila kibali. Nyoka ni mnyamapori hata akiwa amekutwa nyuma ya gunia la mahindi ndani ya boma lako. Anayedhani kwamba wakuu hawahangaiki na viumbe wadogo akumbuke kesi ya mwaka 2025, ambapo vijana wawili wa Ubelgiji, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja walipatikana na hatia kwa sababu ya sisimizi. Vijana hao wa Ubelgiji walikuwa na malkia wapatao 5,000, waliotiwa katika vijichupa vyenye pamba kwa ajili ya soko la ng'ambo la watu wanaofuga wadudu hao kwa kujifurahisha. Mwezi Mei mwaka huo mahakama iliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Ikiwa sisimizi analindwa hivyo, nyoka hawezi kuwa mnyama wa kuokotwa. Chatu wa kila aina, tena, wamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Kenya ni mwanachama tangu miaka ya sabini.

Njia halali ipo, nayo hupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Nchi hii ina historia ndefu ya kuweka nyoka kwa utaratibu. Bustani ya Nyoka ya Nairobi, iliyo kando ya makumbusho, ilianzishwa mwaka 1961. James Ashe, aliyewahi kuisimamia, alikwenda Watamu na mwaka 1980 akaanzisha shamba la Bio-Ken, ambalo mpaka leo hukusanya sumu ya nyoka, hufundisha wauguzi namna ya kutibu walioumwa na huwaokoa nyoka walioingia nyumbani mwa watu. Karibu nasi zaidi, makumbusho ya Kisumu na ya Kitale yana sehemu za nyoka ambazo wanafunzi wa magharibi wamezizuru kwa miaka mingi. Ninazitaja taasisi hizi kwa sababu kila moja inathibitisha ninalolisema: nyoka wake wanaishi katika majengo yaliyofikiriwa kwanza. Anayeomba kibali naye anapaswa kuwa na mahali pa kuonyesha. Hapo sheria na afya ya mnyama vinadai kitu kimoja, na mtu aliyekwisha kujenga ana jibu la kumpa afisa atakayekuja kukagua.

Kisha kuna suala la nyoka yupi. Kaunti yetu ya Kakamega ni nchi ya nyoka. Msitu wa Kakamega una bafe mwenye pembe puani, ambaye rangi zake humfanya mtu asahau kwamba anaua. Una fira wa msituni. Una koboko wa kijani ambaye mwanasayansi Arthur Loveridge alimpa mwaka 1936 jina la kitaalamu linalotokana na Kaimosi, palepale jirani katika kaunti ya Vihiga. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayefaa mtu anayeanza, na wala sioni haja ya kuliongezea jambo hili maneno. Chatu hana sumu, na ndiye anayewavutia vijana, lakini chatu wa Afrika hufikia mita nne na zaidi, hula mnyama mwenye uzito wa mbuzi na huweza kumdhuru mtoto. Jimbo la Florida nchini Marekani limejifunza kwa gharama kubwa mambo ya watu wanaonunua chatu akiwa na urefu wa mkono na kumwachilia akiwashinda nguvu. Chatu wa Asia waliotoroka au kutupwa wamezaana katika kinamasi cha Everglades hadi wanyama wengi wadogo wa huko wakapungua vibaya, na mwaka 2012 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuwaingiza nchini.

Anayefaa zaidi, kwa maoni yangu, ni nyoka-nyumba wa kahawia, ambaye wataalamu humwita Boaedon fuliginosus. Hana sumu. Hutembea usiku, huua kwa kubana, na chakula chake kikubwa ni panya, ndiyo maana hukutwa ghalani na kwenye dari. Wengi wao hawapiti mita moja. Majike ndio wanaoweza kupita kidogo. Ngozi yake ni laini na hung'aa kama imepakwa mafuta, na kwa wengi utaona mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa, mmoja ukipita juu ya jicho na mwingine chini yake. Akishikwa ghafla huweza kung'ata, na jeraha lake ni vitone vya damu vya kuosha kwa sabuni. Lakini hata huyu si wa kumkamata shambani. Nyoka aliyetoka porini huja na minyoo na utitiri, hukataa kula kwa hofu, na kumtambua si kazi ya kubahatisha: nyoka wa kahawia ni wengi na baadhi yao wana sumu. Atafutwe aliyezaliwa kwa mfugaji mwenye leseni, ambaye historia yake ya kula imeandikwa, na kama hapatikani, mtu asubiri.

Sasa joto. Mwili wa nyoka hautengenezi joto lake wenyewe jinsi wetu unavyofanya. Hulipata nje, kwenye jiwe lililopigwa na jua, ndani ya kichuguu, chini ya bati, na kila anachokifanya mwilini hutegemea kiasi alichopata. Kumeng'enya chakula ni kazi nzito kwake kuliko tunavyodhani. Watafiti wa Marekani waliowachunguza chatu wa Asia waliona kwamba siku mbili baada ya mlo mkubwa, misuli ya moyo wa nyoka huyo huwa imeongezeka kwa takriban asilimia 40, na utumbo na ini navyo hukua, kisha vyote hurudi vilivyokuwa. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kuendeshwa katika baridi. Nyoka akila halafu joto likashuka, panya hubaki tumboni akioza badala ya kusagwa, na baada ya siku mbili tatu mwenye nyoka hukuta matapishi yenye harufu kali kizimbani. Mgeni hulaumu panya, hubadilisha panya, hujaribu tena kesho yake, na nyoka aliyekwisha kudhoofika hutapika mara ya pili. Wengine hupata maambukizi ya mapafu: utamwona akiinua kichwa na kuacha kinywa wazi, mapovu yakitoka puani, na pumzi ikitoa mlio. Hayo yote yanaonekana kuwa matatizo ya chakula au ya ugonjwa, ilhali chanzo chake ni ubao na waya wa umeme.

Hapo ndipo Lumakanda inapohitaji kufikiriwa yenyewe, si kama picha ya kitabu kilichoandikwa kwa watu wa mahali pengine. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Februari ni mzuri kwa nyoka yeyote, lakini usiku wa Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya mahindi, joto hushuka chini ya nyuzi 15, na nyumba ya bati isiyo na dari haitofautiani sana na nje. Nyoka-nyumba anayefugwa anahitaji upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 28 hadi 31 na upande wa pili nyuzi 22 hadi 24, ili ajichagulie mwenyewe aende wapi na kwa saa ngapi. Usiku panaweza kupoa kidogo, hadi nyuzi 20 hivi, bila madhara. Pengo kati ya nyuzi hizo na usiku wetu wa Julai ndilo litakalozibwa na mfugaji, kila usiku, kwa miaka zaidi ya kumi ambayo nyoka huyu huweza kuishi akitunzwa vizuri.

Kuna pingamizi ambalo mkulima yeyote wa hapa atalitoa, tena kwa haki: mbona nyoka hao hao wanaishi huko nje bila hita wala stima, na Julai huwapita kila mwaka? Wanaishi kwa sababu wana uwezo wa kuhama. Nyoka wa shambani akipata baridi huingia futi kadhaa ndani ya shimo la panya, au chini ya lundo la samadi ambalo huchemka lenyewe, au kwenye mabua yaliyorundikwa, na asubuhi hujisogeza hatua chache akaota jua kwenye ukuta. Siku za baridi huacha kula kabisa. Tunapomtia ndani ya kasha la futi tatu tunamnyang'anya mashimo hayo yote, halafu tunamwekea panya mbele na kutarajia ale kama mwezi wa Februari. Sisi tuliomnyang'anya uchaguzi tuna wajibu wa kumrudishia uchaguzi, na ndiyo maana ninasisitiza pande mbili za joto badala ya joto moja la sawasawa. Kizimba chenye nyuzi 30 kila mahali nacho huua, ila huua kwa njia nyingine.

Wafugaji wa kuku wa huku kwetu Lugari wataelewa haraka, maana wanaijua bruda. Mtu anayelea vifaranga hajiulizi tu kama taa inawaka. Hutazama kama wamejikusanya chini yake kwa baridi au wamekimbilia kingoni kwa joto, akaipandisha au akaishusha. Jicho hilo hilo latosha kwa nyoka, isipokuwa kwamba vifaranga huota manyoya na kuachana na taa baada ya majuma machache, na nyoka haachani nayo maisha yake yote. Tena nyoka haliamshi boma kwa kelele anapopata baridi. Hukaa kimya palepale, na ukimya huo ndio unaowadanganya watu.

Kizimba chenyewe fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza. Kwa nyoka-nyumba mzima, plaiwudi ya urefu usiopungua ule wa nyoka, upana wa nusu yake na mlango wa kioo cha kuteleza mbele hufaa kuliko tangi la kioo tupu, kwa kuwa mbao hushika joto na kioo hulipoteza. Chini ya theluthi moja ya sakafu, kwa nje, hupita mkeka wa joto unaotumia umeme, ukiwa umeunganishwa na kidhibiti ambacho huuzima unapofika kiwango kilichowekwa. Mkeka bila kidhibiti ni hatari, kwa sababu ngozi ya tumbo la nyoka huungua naye akiwa ameulalia. Balbu iliyo wazi ndani ya kizimba nayo isitumiwe, maana ataizungukia. Mkeka wa wati 20 ukiwaka mfululizo hautapita yuniti 15 za tokeni kwa mwezi, kwa hiyo gharama ya stima si kubwa. Tatizo ni stima kupotea. Betri ya sola yenye uwezo wa kuuendesha mkeka usiku mmoja inapaswa kuhesabiwa kama sehemu ya kizimba, wala si anasa ya baadaye. Asiye nayo anaweza kuvuka usiku mmoja kwa chupa za maji moto zilizofungwa kwa kitambaa, lakini jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa: moshi wake usioonekana utamuua nyoka na aliyeliwasha pamoja.

Ndani yawe maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya kujificha na kuota. Kipande cha chungu kilichovunjika au sanduku la viatu lililokatwa mlango hutosha, alimradi mwili wake uguse kuta. Nyoka hutulia anapobanwa kidogo. Bakuli zito la maji ambalo anaweza kuingia liwe upande wa baridi. Sakafu itandikwe gazeti, angalau miezi ya kwanza, kwa kuwa gazeti huonyesha kinyesi, utitiri na matapishi siku hiyo hiyo. Huku kwetu, Turbo na misitu yake ya misonobari na saiprasi ikiwa jirani, maranda ni rahisi na mtu atashawishika kuyatumia. Asiyatumie. Mafuta yenye harufu yaliyomo katika mbao hizo huwasumbua nyoka pumzi, na vumbi la mashine ya mbao huwaingia kinywani wanapomeza. Halafu kila pengo lizibwe. Kichwa kikipita, mwili wote utapita, na nyoka-nyumba mchanga ana kichwa kisichozidi upana wa kidole kidogo cha mtoto. Nyoka aliyetoroka katika kijiji hiki hatarudishwa akiwa hai. Atapigwa rungu na jirani wa kwanza atakayemwona, na sitamlaumu jirani huyo.

Kizimba kikikamilika, kiachwe kitupu kikifanya kazi. Vipima joto viwili vya dijitali, kimoja kila upande, viandikwe kwenye daftari asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku wa manane kwa majuma matatu au manne, ikiwezekana yakiwemo ya mwezi wa Julai. Kwa daftari hilo mtu atajua kama chumba chake kinafaa, kama kidhibiti chake ni cha kweli au ni cha bei rahisi, na kama stima ya mtaa wake hupotea kwa saa moja au kwa siku mbili. Ni kipimo cha bei ndogo, hakimuumizi mnyama yeyote, na wengi watagundua kwa njia hiyo kwamba hawataki nyoka kama walivyodhani. Ni heri wagundue kizimba kikiwa kitupu.

Kulisha, baada ya hayo, kunakuwa jambo jepesi. Nyoka-nyumba mdogo hula kitoto kimoja cha panya kisichoota manyoya kila baada ya siku tano hadi saba. Mzima hutosheka na panya mmoja mdogo kila siku kumi hadi kumi na nne. Kipimo ni unene: panya asizidi sana sehemu pana ya mwili wa nyoka. Kwa hesabu hiyo nyoka mzima hula panya wapatao 30 kwa mwaka, kwa kuwa hatumii chakula chake kujipasha moto kama paka anavyofanya. Panya awe amekwisha kufa. Kumtupia nyoka panya aliye hai katika nafasi ndogo ni kumhatarisha nyoka, maana panya aliyebanwa hung'ata macho na uti wa mgongo, na ni kumtesa panya bila sababu. Panya aliyegandishwa kwenye friza huyeyushwa taratibu, hupashwa kwa maji moto ndani ya mfuko wa plastiki mpaka afikie joto la mwili, kisha hushikwa kwa koleo ndefu na kusogezwa mbele ya maficho jioni. Ulimi hutoka mara mbili, mara tatu, kichwa hutulia, kisha shambulio huja kwa kasi ambayo jicho haliifuati, na mizunguko miwili ya mwili hufunga mnyama aliyekwisha kufa. Baada ya muda nyoka hulegeza, hutafuta kichwa cha panya kwa pua, na taya zake za kushoto na kulia huanza kutembea kwa zamu juu ya manyoya, kila moja ikishika mbele kidogo ya ilipokuwa. Akimaliza hupiga miayo kurudisha taya mahali pake. Asiguswe kwa siku mbili kamili.

Hapa litakuja pingamizi la ghalani. Kwa nini mtu ahangaike na friza wakati kuanzia Novemba, mahindi yakishaingia stoo, panya ni wa bure? Kwa sababu hao panya wamekula tusivyovijua. Karibu kila boma lenye mahindi huweka sumu, na baadhi ya sumu zinazouzwa kwenye agroveti huzuia damu kuganda na hukaa katika ini la panya kwa siku nyingi, zikimngoja atakayemla. Bundi, paka na mbwa hufa hivyo, na nyoka pia. Panya wa porini hubeba minyoo vilevile. Njia salama ni kufuga panya weupe: dume mmoja na majike wawili katika kasha safi hutosha na kubaki, kwani mimba yao ni ya siku 20 hivi na uzazi mmoja huleta vitoto sita au zaidi. Jambo hili lina ugumu wake wa moyo ambao sitaki kuuficha. Mtu atalea wanyama na kuwaua kwa mkono wake. Amwombe daktari wa mifugo amfundishe namna ya kuwaua upesi bila maumivu, na asiyeweza kulifanya hilo asimfuge mnyama asiyekula kitu kingine.

Nyoka akikataa kula, mfugaji arudi kwenye kipima joto kabla ya kubadilisha chochote kingine. Pengine anajivua gamba: macho huwa na ukungu wa rangi ya maziwa, ngozi hufifia, na hatataka chakula mpaka gamba litoke, siku saba hadi kumi na nne baadaye. Likitoka vipandevipande badala ya kutoka lote kama soksi, unyevu wa kizimba ni mdogo, na kitambaa kibichi ndani ya maficho ya upande wa joto hurekebisha hali. Pengine anashikwashikwa mno. Sababu hizi zote, ukizitazama, ni za nyumba.

Kuna pingamizi la majirani, na nalo ni zito kuliko yote kwa sababu linahusu watu. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini, watu kama wa Lumakanda, wanaopalilia wakiwa pekupeku na kulala sakafuni. Mama anayemwogopa nyoka katika mazingira haya hana ujinga wowote, hata kama hofu yake imechanganyika na imani za uchawi. Mfugaji hana haki ya kumcheka. Ana wajibu wa kumweleza mapema, kumwonyesha kizimba na kufuli lake, na kukubali kwamba katika ploti yenye ukuta mmoja wa mabati kati ya familia na familia, jibu huweza kuwa hapana. Nyumbani kwake pia watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike nyoka, na kila anayemshika aoshe mikono kwa sabuni, kwa kuwa nyoka wengi hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua wenyewe.

Na je, si ukatili kumfungia kiumbe aliyeumbwa kutembea porini? Swali hili silipuuzi. Kwa muda mrefu wafugaji wa Ulaya na Marekani waliwaweka nyoka katika makasha membamba kama droo, wakisema kwamba nyoka hahitaji zaidi, na leo wataalamu wengi wanakubali kwamba nyoka hunyoosha mwili wote wakipewa nafasi na kwamba kumnyima hilo ni kumnyima sehemu ya maisha yake. Ninakubaliana nao, na ndiyo sababu nimependekeza kizimba chenye urefu wake kamili. Upande wa pili, nyoka anayetunzwa vizuri huishi sana: katika bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani, chatu mdogo wa Afrika Magharibi alitaga mayai mwaka 2020 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Umri mrefu peke yake si ushahidi wa furaha. Lakini unaonyesha kwamba ahadi anayoitoa mfugaji ni ya miaka, na kijana wa kidato cha nne anayekwenda chuo Eldoret au Nairobi ajiulize ni nani ataandika lile daftari la joto akiwa hayupo.

Nikiyapima yote haya pamoja, ninaona watu wachache sana wa Lumakanda wanaopaswa kumfungia nyoka: shule yenye chumba cha sayansi, mwalimu wa kudumu na betri ya sola, kikundi chenye leseni kinachotaka kuwafundisha wakulima kutofautisha nyoka mwenye sumu na asiye na sumu, pengine mtu mmoja mmoja mwenye subira na kipato cha kutosha. Kwa wengine waliobaki, nyoka-nyumba anaweza kuwa na faida kubwa zaidi akiwa huru. Ghalani ana joto la bati mchana, ana mashimo usiku, ana panya, na hahitaji kibali wala tokeni ya mtu. Anachohitaji kwetu ni kwamba tusimuue kwa kumwona tu na tusijaze ghala sumu. Hilo si kusema kila nyoka aachwe ndani ya nyumba. Asiyejulikana asisogelewe, watoto waondolewe, na KWS waitwe.

Aliyebaki na nia baada ya kusoma hadi hapa aende kwanza Kitale, kwenye makumbusho, safari ya asubuhi moja kutoka Lumakanda. Asitazame nyoka peke yake. Amtafute mhudumu na kumuuliza vizimba vina nyuzi ngapi usiku, panya hutoka wapi na umeme ukipotea hufanywa nini, ayaandike majibu, kisha awaulize KWS masharti ya kibali kabla hajanunua hata msumari.